Kiatu cha mazoezi si kiatu cha mbio

Nusu marathoni ya Kilimanjaro huanzia Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, hupita mjini, kisha barabara huanza kupanda kuelekea Mweka. Mkimbiaji hupanda akihema hadi kwenye kona ya kugeuzia, na kutoka hapo sehemu kubwa ya njia ni mteremko. Kupanda humaliza pumzi, kuteremka humaliza miguu. Kwa kila hatua ya mteremko, mguu husukumwa mbele ndani ya kiatu, vidole hugonga ncha, na misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki. Si ajabu jioni ya siku hiyo kumwona mtu akishuka ngazi za basi kinyumenyume, na wiki moja baadaye kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi.

Kwenye klabu za jogging swali la kila msimu ni lilelile: raba gani nzuri? Ukizisoma tafiti zilizochapishwa tangu 2009, jibu ni kwamba hakuna raba iliyo nzuri kwa kila mguu wala kwa kila kazi. Kiatu cha mazoezi kazi yake ni kukufikisha mzima kwenye mstari wa kuanzia. Kiatu cha mbio kazi yake ni kukupunguzia matumizi ya nguvu kwa saa chache tu. Anayekitaka kimoja kifanye zote mbili, au anayenunua cha pili kabla hajapata cha kwanza kinachomfaa, hupoteza fedha, na wakati mwingine hupoteza msimu mzima.

Kinachotokea chini ya unyayo

Mtu akikimbia, kila mguu unapotua hubeba mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa mwenye kilo 70, huo ni mzigo wa kilo 140 hadi 210. Wakimbiaji wengi hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika, yaani takriban 10,000 kwa saa. Kazi ya kuupokea mzigo huo ni ya misuli, kano na mifupa. Kiatu ni msaidizi tu.

Msaidizi huyo ana tabaka tatu: soli ya nje ya mpira inayoshika barabara, soli ya kati ya sponji, na kitambaa cha juu kinachoushika mguu. Roho ya kiatu iko kwenye sponji. Kwa viatu vingi vya mazoezi ni plastiki iitwayo EVA, iliyoanza kutumika kwenye raba za kukimbilia miaka ya 1970. Ndani yake kuna vipovu vidogo vya gesi visivyohesabika. Ukikanyaga vinabanwa, ukiinua mguu vinatanuka na kukurudishia sehemu ya nguvu uliyoiweka. Sehemu nyingine hupotea kama joto. Kilomita zikiongezeka, kuta za vipovu huchoka na sponji husinyaa. Kwa hiyo kiatu kinaweza kung'aa juu huku ndani kimeshakufa.

Jambo jingine la kuangalia ni tofauti ya kimo cha soli kati ya kisigino na sehemu ya vidole. Kwenye raba nyingi za kawaida tofauti hiyo ni milimita 8 hadi 12. Ikiwa kubwa, mzigo zaidi huelekea kwenye goti. Ikiwa ndogo, huelekea kwenye shavu la mguu na kano iliyo nyuma ya kisigino. Hakuna kipimo kilicho bora kwa wote. Hatari iko kwenye kubadili ghafla, kwa sababu kano iliyozoea kisigino kilichoinuliwa haijifunzi kazi mpya kwa siku mbili.

Unyayo bapa si hukumu

Kwa muda mrefu maduka makubwa ya viatu yalimtaka mteja alowanishe mguu na kukanyaga karatasi. Alama ikionyesha unyayo wote umegusa chini, aliuziwa kiatu chenye ukuta mgumu upande wa ndani. Ikionyesha upinde mkubwa, aliuziwa kiatu laini. Nadharia hiyo ilikubalika hadi jeshi la Marekani lilipoijaribu kwa makuruta wake. Katika tafiti zilizochapishwa 2009 na 2010, zikihusisha askari wa nchi kavu, wa anga na wa majini, kundi moja lilipewa viatu kulingana na umbo la unyayo na kundi jingine likapewa aina moja kwa wote. Majeraha hayakutofautiana kwa kiasi cha maana.

Mwaka 2022 mapitio ya taasisi ya Cochrane, inayopima uzito wa ushahidi wa kitabibu, hayakupata uthibitisho wa kutosha kwamba aina fulani ya raba huzuia majeraha kuliko nyingine. Hata hivyo sponji ina neno lake. Nchini Luxembourg, zaidi ya wakimbiaji 800 wa kawaida walipewa raba zilizofanana kwa nje, nyingine zikiwa na sponji ngumu na nyingine laini, bila wao kuambiwa tofauti. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha hatari ya kuumia ilikuwa kama mara moja na nusu kwa waliovaa ngumu.

Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, aliyeutumia muda mwingi wa maisha yake kuchunguza viatu vya michezo, alipendekeza 2015 pamoja na wenzake kipimo kilichowashangaza wauzaji: starehe. Kwa maoni yao, mwili una njia yake ya kusogea, na kiatu kinachouruhusu kusogea hivyo ndicho unachokihisi kuwa kizuri mguuni. Ni dhana inayoendelea kuchunguzwa, lakini ina faida kwa mnunuzi: haihitaji mashine. Inahitaji kuvaa jozi tatu au nne, kukimbia nazo hatua kadhaa nje ya duka, na kuuamini mguu kuliko mdomo wa muuzaji.

Kupima kabla ya kulipa

Anza nyumbani, tena jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, kama inavyovimba ukikimbia juani. Weka karatasi sakafuni ikiwa imegusa ukuta, simama juu yake kisigino kikiwa ukutani, na uweke alama mbele ya kidole kilicho kirefu zaidi. Pima kwa rula. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, na huo mrefu ndio unaonunuliwa kiatu.

Dukani usitegemee namba peke yake. Namba 42 ya kampuni moja inaweza kuwa finyu kuliko 42 ya nyingine. Funua ulimi wa kiatu usome lebo: karibu kila raba ya kukimbilia ina kipimo cha sentimita, kikiandikwa CM au JP. Kilinganishe na rula yako. Ukivaa na kusimama, ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu. Nafasi hiyo ndiyo itakayoziokoa kucha zako ukiteremka kutoka Mweka. Kisigino kikae imara bila kupwaya, na upande wa kidole kidogo usibane. Kauli ya "kitatanuka chenyewe" ni ya kumalizia biashara. Kitambaa hulegea kidogo, lakini soli iliyo nyembamba kuliko unyayo wako haipanuki.

Wengi wetu raba tunazipata kwenye mitumba, iwe Memorial mjini Moshi, Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi. Hakuna aibu hapo, na mwenye jicho huokota kiatu kizuri kwa bei chee. Kazi ni kukagua. Weka jozi juu ya meza iliyo sawa na utazame kwa nyuma: kiatu kilicholala upande mmoja kimechukua umbo la mguu wa aliyekivaa kabla yako, nawe utalazimishwa kutembea kwa mwendo wake. Kigeuze uone mpira wa chini. Kulika kidogo upande wa nje wa kisigino ni kawaida, lakini sponji ikishaanza kuonekana, kirudishe. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba: sponji hai hubonyea na kurudi, iliyokufa imekakamaa au imejaa mikunjo isiyofutika. Toa soli ya ndani uangalie shimo lililochimbwa na kisigino cha mwenzako. Mwisho kunja kiatu na usikilize kama gundi inaachia. Sponji na gundi huzeeka hata kiatu kikiwa kimelala stoo. Baadhi ya soli za polyurethane hushambuliwa na unyevu miaka inavyopita, zikamomonyoka siku ya kwanza kuvaliwa.

Viatu bandia vina mtego mwingine. Mwonekano wa nje huigwa vizuri, sponji haiigiki kirahisi, na mizani ndiyo inayoumbua. Raba halisi ya mazoezi ya mwanamume huwa na gramu kati ya 250 na 310 kwa mguu mmoja, na ya mashindano mara nyingi iko chini ya 220. Ukiuziwa "kiatu cha Kipchoge" kinachokaribia gramu 350 kwenye mizani ya duka la jirani, ulichonunua ni picha yake. Uzito huo una gharama: majaribio ya maabara yameonyesha kuwa kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu huongeza matumizi ya nguvu kwa takriban asilimia 1.

Jozi mbili zinazopokezana

Utafiti mwingine wa Luxembourg, uliochapishwa 2015, uliwafuatilia wakimbiaji 264 wa kawaida kwa wiki 22. Waliokuwa wakibadilisha raba, leo hii na kesho ile, walikuwa na hatari ya kuumia iliyopungua kwa asilimia 39 kuliko waliovaa jozi moja tu. Watafiti hawakuwapangia watu viatu. Waliwafuatilia tu, hivyo inawezekana wenye jozi nyingi walikuwa pia makini zaidi kwa mambo mengine. Lakini maelezo yake yanaingia akilini: kila kiatu hupeleka mzigo kwa namna tofauti kidogo, na mfupa au kano iliyobeba zaidi leo hupata nafuu kesho. Zaidi ya hayo, kiatu kilicholowa jasho au mvua hupata siku nzima ya kukauka.

Jozi hizo mbili si lazima ziwe za bei. Moja iwe nene na laini kwa safari ndefu za Jumapili, nyingine iwe nyepesi kidogo kwa siku za kasi. Anayekimbia njia za vumbi na kokoto atafute soli ya nje yenye meno, wa lami hana haja nayo.

Makadirio yanayotumika sana ni kwamba raba ya mazoezi hudumu kilomita 500 hadi 800. Kwa anayekimbia kilomita 30 kwa wiki, huo ni muda wa miezi minne hadi sita. Mwenye mwili mzito huimaliza mapema zaidi. Andika tarehe ya kuanza kuitumia kwa kalamu ya wino mzito chini ya soli ya ndani. Ifue kwa mkono na sabuni ya kawaida, ijaze magazeti makuukuu, uianike kivulini. Jua kali la juu ya bati na joto la ndani ya gari lililofungwa huharibu gundi na sponji.

Bamba la kaboni limeleta nini

Wikiendi moja ya Oktoba 2019 ilibadilisha mjadala wa viatu duniani. Jumamosi ya tarehe 12, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 jijini Vienna kwa saa 1:59:40, katika jaribio lililoandaliwa maalumu na lisilohesabiwa kuwa rekodi. Kesho yake Brigid Kosgei alishinda marathoni ya Chicago kwa saa 2:14:04, akiivunja rekodi ya wanawake ya Paula Radcliffe iliyodumu tangu 2003. Wote wawili walivaa viatu vya Nike vyenye soli nene ya sponji ya kizazi kipya na bamba la kaboni ndani yake.

Sponji hiyo mara nyingi ni PEBA, nyepesi kuliko EVA na yenye kurudisha nguvu zaidi. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado uliotoka 2017, soli ya namna hiyo ilirudisha asilimia 87 ya nguvu iliyowekwa, wakati kiatu cha mashindano cha Nike cha muundo wa awali kilirudisha takriban asilimia 66. Wakimbiaji 18 wa kasi waliopimwa walitumia nguvu pungufu kwa wastani wa asilimia 4. Utafiti huo ulifadhiliwa na Nike yenyewe, lakini maabara huru zilifuata na kupata matokeo yanayokaribiana. Baadaye watafiti walilikatakata bamba ndani ya kiatu ili lisikaze tena, na faida ikapungua kidogo tu. Inaonekana mchango mkubwa ni wa sponji, nalo bamba huisaidia kutulia.

Shirikisho la riadha duniani, World Athletics, lilitangaza masharti Januari 2020: soli ya mbio za barabarani isizidi milimita 40, na bamba liwe moja tu. Masharti hayo yaling'ata Septemba 2021, Muethiopia Derara Hurisa alipovuka wa kwanza utepe wa marathoni ya Vienna na kunyang'anywa ushindi muda mfupi baadaye. Soli zake zilikuwa na milimita 50. Ushindi ukaenda kwa Mkenya Leonard Langat.

Je, mkimbiaji wa kawaida anafaidika? Hapa kila ndege huruka kwa bawa lake. Utafiti uliochapishwa 2023 uliwapima wanariadha saba wa Kenya wa kiwango cha dunia wakiwa na viatu vya kaboni na viatu vya soli nyembamba. Yupo aliyeokoa asilimia 11.4 ya nguvu, na yupo aliyepoteza asilimia 11.3. Ikiwa hali ni hiyo kwa mabingwa, kununua kwa kuwa fulani alishinda nacho ni kubahatisha.

Mwendo nao una sauti yake. Utafiti mwingine wa 2023 ulipima kasi za chini. Kwa kilomita 12 kwa saa faida ilikuwa wastani wa asilimia 1.4, kwa kilomita 10 kwa saa ilishuka hadi 0.9, na baadhi ya watu hawakufaidika kabisa. Kilomita 10 kwa saa ni nusu marathoni ya saa 2 na dakika 6 hivi. Asilimia 0.9 ya muda huo ni dakika moja na kidogo, tena kama nguvu yote iliyookolewa itageuka kuwa kasi.

Vilevile kiatu hiki hakifai kuvaliwa kila siku. Mwaka 2023 madaktari wa michezo walieleza habari za wakimbiaji watano waliopata jeraha la mfupa wa navikula, ulio katikati ya mguu, wakiwa wametumia viatu vya kaboni. Watu watano hawathibitishi kwamba kiatu ndicho kilichosababisha, lakini mfupa huo hupona polepole, na tahadhari hapo ina maana. Sponji yake pia huchoka mapema, na kuimalizia kwenye mazoezi mepesi ni kutupa fedha barabarani.

Peku je?

Hoja hii haikosekani, na mfano wake haupingiki: Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma 1960 akiwa peku. Miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena akiwa amevaa viatu na kwa muda bora zaidi. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, baadhi wakitoka Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret, walionyesha kwamba waliozoea kukimbia peku, wakiwemo vijana wa Bonde la Ufa, mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo na hivyo kukwepa mshtuko wa ghafla wa kisigino. Kilichosahaulika na wengi ni neno "waliozoea". Wazungu waliporukia viatu vyembamba kama soksi, utafiti mmoja wa wiki 10 ulikuta 10 kati ya watumiaji 19 wakiwa na dalili za mifupa ya mguu kulemewa. Mtoto aliyekwenda shule peku kwa miaka mingi alijenga unyayo wake polepole. Mfanyakazi wa ofisini hawezi kuupata kwa mwezi mmoja.

Siku ya mbio

Ukiamua kuvaa kiatu maalumu cha mbio, kivae kwanza mazoezini mara tatu au nne, mojawapo ikiwa safari ndefu yenye mwendo wa mashindano na nyingine yenye mteremko. Soli nene na laini huweza kuyumba kwenye kona na mteremkoni, na ni heri ugundue hilo wiki tatu kabla. Vaa soksi zilezile za mazoezi, zisizo za pamba tupu, maana pamba hushika jasho na kuzaa malengelenge. Paka mafuta ya mgando kati ya vidole. Kata kucha siku kadhaa kabla, usisubiri asubuhi ya mbio. Kamba usizikaze sana vidoleni, ila tumia lile tundu la ziada karibu na kifundo cha mguu: pitisha kamba itengeneze kitanzi kila upande, vuka kamba ndani ya vitanzi, kisha kaza. Kisigino hufungwa mahali pake na vidole huacha kugonga mbele.

Kuna maumivu ambayo kiatu hakiyatibu. Maumivu yanayokaa sehemu moja juu ya mfupa, yanayozidi kila ukikimbia na kuendelea hata ukipumzika au usiku, huenda ni ufa wa mfupa. Acha kukimbia umwone daktari. Mwenye kisukari, hasa aliyeanza kufa ganzi miguuni, apate ushauri wa kliniki kabla ya kununua kiatu na aikague miguu yake kila baada ya mazoezi, kwa kuwa lengelenge asilolihisi linaweza kugeuka kidonda. Na chanzo kikubwa cha majeraha kinabaki kuongeza kilomita kwa pupa, jambo ambalo hakuna sponji inayolisamehe.

Basi mpangilio wa matumizi uwe hivi: kwanza jozi moja ya mazoezi inayokukaa vizuri, pili jozi nyingine ya kupokezana nayo, tatu soksi nzuri. Kiatu cha kaboni kije baada ya hapo, kwa mwenye kasi ya kutosha na aliyehakikisha mazoezini kwamba mwili wake unakikubali. Kwa anayeupanda na kuushuka mlima wa Mweka kwa saa mbili na nusu, jozi ya pili ya mazoezi ina nafasi kubwa zaidi ya kumfaa kuliko bamba la kaboni, hata kama anao uwezo wa kulinunua.